Kutoka Ngoma hadi Tamasha: Umiliki wa Shughuli za Sanaa Mnazi Mmoja na Kariakoo, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya shughuli za sanaa za jamii katika eneo la Mnazi Mmoja na Kariakoo, Dar es Salaam, tangu Vita Kuu ya Kwanza hadi mwanzoni mwa karne ya ishirini na moja. Badala ya kuzigawa shughuli hizo kwa tanzu, yaani ngoma, beni, dansi na taarab, makala yanazisoma kupitia maneno yaliyozitaja: ngoma, beni, bendi, kiingilio, tuzo na tamasha. Inadaiwa kwamba badiliko kubwa zaidi katika karne hiyo lilihusu umiliki wa shughuli zenyewe kuliko mitindo ya muziki, na kwamba badiliko hilo limeacha alama katika maana za maneno hayo. Uzito wa pekee unawekwa kwenye vyama vya ngoma vya wanawake wa miaka ya 1950.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha pwani, neno ngoma hubeba kwa pamoja mambo ambayo lugha nyingine huyatenga. Ngoma ni ala inayopigwa, ni mchezo unaochezwa, na ni mkusanyiko ambao watu huuendea. Johnson (1939) aliweka ala na mchezo chini ya kidahizo kimoja, na kamusi zilizofuata zimeendelea na utaratibu huo. Ipo maana nyingine ambayo kamusi hazikuipa uzito unaostahili: ngoma kama kundi la watu lenye jina, viongozi, mfuko na mahasimu. Mwanamke wa Kariakoo wa miaka ya 1950 aliposema "ngoma yetu", hakukusudia hatua za miguu peke yake. Alikusudia wenzake, sare zao, michango yao, na wale wa mtaa wa pili waliopaswa kujibiwa kwa wimbo.

Utafiti umelikata jambo hili vipande viwili. Wanafasihi wamechukua nyimbo na kuzichambua kama matini. Wanahistoria wamechukua vyama na kuyaacha maneno. Ranger (1975) aliiandika beni kama historia ya vyama vya mijini, Geiger (1997) akawarudisha wanawake wa ngoma katika historia ya TANU, na Askew (2002) akaonyesha, kwa mifano mingi ya Tanga, jinsi taarab na dansi zilivyoshiriki katika kulijenga taifa. Kazi hizo zote zimeandikwa kwa Kiingereza, na hasara yake haijazungumzwa vya kutosha. Katika Kiingereza, ngoma, beni na tamasha huishia kuwa matukio ya aina moja, ilhali katika Kiswahili kila neno linasema jambo mahsusi kuhusu nani ni mwenyeji, nani ni mgeni, na nani amelipa.

Eneo linalohusika hapa ni uwanja wa Mnazi Mmoja wa Dar es Salaam, usichanganywe na ule wa Unguja, pamoja na mitaa ya Kariakoo iliyo upande wake wa magharibi. Yamechaguliwa maeneo haya mawili kwa sababu hayawezi kuelezwa moja bila jingine: Kariakoo ilikuwa na watu na vyama, na Mnazi Mmoja ulikuwa uwanja.

2.0 Uwanja uliotengwa ubaki mtupu

Tangu sheria yao ya ujenzi ya mwaka 1891, Wajerumani waliugawa mji wa Dar es Salaam kwa aina ya nyumba. Mgawanyo huo haukutaja rangi za watu moja kwa moja, lakini ulitenda kazi hiyo kwa ukamilifu. Karibu na mwaka 1914 walianza kuchora mitaa iliyonyooka ya makazi ya Waafrika, vita vikawakatiza. Waingereza walioutwaa mji Septemba 1916 waliuendeleza mpango huo kwa lugha ya kanda: ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu, ambazo wakazi wenyewe waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Katika miaka ya 1920 ukanda uliokuwa kati ya Uhindini na Kariakoo ulisafishwa uwe wazi. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya, yaani kuzuia maradhi yasivuke kutoka kwa Waafrika kwenda kwa wengine. Ukanda huo ndio Mnazi Mmoja. Kwa asili yake, basi, uwanja huu ulikusudiwa usiwe na kitu, na usiwe na watu.

Jengo lililoipa Kariakoo umaarufu nalo lina historia inayohusiana moja kwa moja na mada hii. Wajerumani walijenga ukumbi mkubwa kwa ajili ya sherehe za kumtukuza Kaisari Wilhelm wa Pili, lakini vita vya 1914 vilizuka kabla ya sherehe. Waingereza walipoingia waliwaweka hapo wapagazi wa Carrier Corps, jeshi la wabeba mizigo ambalo makumi ya maelfu ya watu wake walikufa kwa njaa na maradhi katika kampeni ya Afrika Mashariki. Kutokana na matamshi ya jina hilo tumepata Kariakoo. Ukumbi uligeuzwa kuwa soko mwaka 1923, na ulidumu hadi ulipopisha jengo jipya la soko lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Hivyo basi ukumbi wa kwanza wa sherehe katika eneo hili haukuwahi kufanyiwa sherehe uliyojengewa, na uwanja uliotakiwa kuwa mtupu ndio uliojaa.

Uwanja ulijaa kwa sababu mitaa ya Kariakoo ilikuwa na aina ya nyumba iliyozalisha shughuli. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ina baraza mbele, ukumbi katikati na uani nyuma. Barazani ni mahali pa wanaume, pa salamu na pa habari. Uani ni mahali pa wanawake, pa jiko, pa mwali na pa ngoma za siri. Kilichokosekana ni eneo la kukutanisha nyumba na nyumba, mtaa na mtaa. Mnazi Mmoja ukaziba pengo hilo.

3.0 Majira

Shughuli zilikuwa na majira yake, na majira yenyewe yalipangwa kwa kalenda zaidi ya moja. Ya kwanza ni ya kilimo. Masika yakiisha, kuanzia Juni hadi Agosti, pwani huingia kipupwe: upepo wa kusi unavuma, usiku ni wa baridi kidogo, ardhi imekauka na chakula kimevunwa. Kwa Wazaramo na majirani zao ndicho kipindi cha kutoa wali ndani na cha ngoma za kukesha. Waliohamia mjini walikuja na majira hayo, ingawa wengi wao hawakuwa tena na shamba la kuvuna.

Kalenda ya pili ni ya Kiislamu, ambayo haijali kipupwe wala masika kwa kuwa inafuata mwezi. Maulidi ya Mfunguo Sita yamesomwa Mnazi Mmoja kwa miaka mingi. Siku za Idi watoto huufanya uwanja kuwa wao. Na mwisho wa Shabani huja vunja jungu, karamu na muziki wa kuiaga starehe kabla ya mfungo. Bendi za dansi za mjini, ambazo wanamuziki wake hawakuwa Waislamu wote, ziliipokea vunja jungu kama siku ya kazi kubwa, na neno hilo likawa la matangazo ya muziki bila kupoteza maana yake ya dini.

Kalenda ya tatu ni ya dola, na yenyewe imeangukia katika kipupwe kwa sadfa. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika Mtaa wa New Street, sasa Lumumba, unaopakana na Mnazi Mmoja. Baada ya uhuru tarehe hiyo ikawa Saba Saba. Zimeongezeka Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, ambayo kwa miaka kadhaa imeadhimishwa Mnazi Mmoja penyewe, na Nane Nane. Hivyo dola ilipohitaji ngoma kwa sherehe zake, iliikuta tayari ikiwa katika msimu wake.

4.0 Beni na bendi

Beni ilianza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, ikateremka hadi Tanga na Dar es Salaam wakati wa Wajerumani. Ilichukua tarumbeta, gwaride na vyeo vya majeshi ya Ulaya na kuvitia katika utaratibu wa zamani wa mashindano ya miji ya Waswahili. Katika bara la Tanganyika ilijulikana kwa pande mbili, Marini na Arinoti. Marini ilijinasibu na watu wa mjini wenye elimu na kazi za ofisini. Arinoti ilikuwa na wageni na watu wa kazi za mikono wengi zaidi. Kila upande ulikuwa na wafalme, majenerali na waganga wake, ulisaidia wagonjwa wake na kuzika maiti wake, na uliutukana upande wa pili kwa nyimbo. Askari wa vita vya 1914 hadi 1918 waliieneza beni pande zote mbili za mapambano, na baada ya vita maofisa wa Kiingereza walianza kuichunguza kwa wasiwasi. Muziki wenyewe haukuwakera sana. Kilichowashtua ni kwamba mtu wa Marini aliweza kufika mji asioujua, akapokewa, akalishwa na kupewa habari. Mtandao huo haukupita katika ofisi yoyote ya serikali.

Kanuni za miji zilidai kibali kwa ngoma, na kibali kililipiwa. Jambo hili ni la msingi kwa hoja ya makala. Kuanzia hapo kila ngoma ya Kariakoo ilikuwa na wenyeji wawili: chama kilichoiitisha na ofisi iliyoiruhusu.

Neno lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu. Beni na bendi yote yametokana na neno moja la Kiingereza, band. Kifonolojia hakuna kinacholazimisha maumbo mawili, kwa sababu Kiswahili kinauruhusu mfuatano wa nd bila shida, kama ilivyo katika pendo na kando. Maelezo yanayoelekea kufaa ni ya kihistoria: neno limekopwa mara mbili. Mara ya kwanza lilipokewa kwa sikio, kutoka kwa bendi za shaba za manowari na kambi, na d ya mwisho ambayo Kiingereza huitamka kwa udhaifu ikapotea. Mara ya pili lilikuja pamoja na shule, sahani za santuri na mabango, kwa umbo linalofuata maandishi.

Tofauti ya maana inavutia kuliko ya umbo. Beni ilikuwa jina la shughuli nzima: wapigaji, wachezaji, wenye vyeo, wapishi na nyimbo za kejeli. Mtu alicheza beni, na kwa kuicheza alikuwa mwanachama. Bendi ni wale walio jukwaani tu. Waliobaki sakafuni wanacheza muziki wa bendi, si bendi. Kati ya maneno haya mawili umepita mstari ambao ngoma haikuwa nao, mstari kati ya wanaotoa na wanaopokea.

Mstari huo haukuchorwa kwa siku moja. Dar es Salaam Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1932, na bendi zilizoifuata ziliendelea kwa muda mrefu kuwa klabu za wanachama kuliko kuwa biashara, na ndivyo ilivyokuwa pia kwa klabu za taarab za Egyptian na Al-Watan. Hata hivyo, dansi ilihitaji sakafu na paa. Ilihama kutoka uwanjani na kuingia ukumbini, na ukumbi una mlango. Callaci (2011) ameonyesha jinsi kumbi za dansi za wakati huo zilivyogeuka kuwa mahali pa kubishania staha: nani amevaa nini, nani anacheza na nani, na nani asiingie. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mnazi Mmoja nao ulipata jengo la namna hiyo, kituo cha jamii kilichojengwa kwa fedha za George Arnautoglu, Mgiriki tajiri wa mkonge. Wakazi walilifupisha jina hilo likawa Anatoglo. Humo Idara ya Maendeleo ya Jamii ilikusudia kuwafunza Waafrika wa mjini namna ya kutumia muda wa mapumziko: madarasa ya jioni, ushonaji, michezo na dansi yenye adabu. Nia ilikuwa njema kwa kipimo cha waliokuwa nayo. Lakini mtu aliyeingia Anatoglo alikuwa mgeni wa idara, hata akiwa amezaliwa mita mia mbili kutoka hapo.

5.0 Kiingilio

Hatua chache tu kutoka kituo hicho, uani na katika viwanja vya mitaa, wanawake waliendelea na vyama vya ngoma ambavyo havikuhitaji kufundishwa na idara yoyote. Vyama hivi havikufuata kabila. Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Mngazija waliweza kukutana katika ngoma moja, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Walikuwa wanawake waliojitegemea kwa sehemu kubwa, wenye biashara ndogo ndogo za kupika na kuuza, na wengi walikuwa Waislamu wasiokwenda shule za serikali. Kwa macho ya ofisi hawakuwa wamejipanga. Kwa kweli walikuwa watu waliojipanga kuliko wote mjini.

Neno kiingilio linalieleza hili vizuri. Kwa asili yake kiingilio ni kile anachotoa mtu ili awe ndani: ada ya kujiunga na chama, au malipo ya mwanafunzi kwa fundi anayeanza kumfunza kazi. Anayetoa kiingilio anaondoka akiwa na kitu cha kudumu, yaani nafasi. Baada yake zinafuata michango: ya sare, ya arusi ya mwenzake, ya kuwalisha waalikwa siku ya kualikana, na ya msiba. Mwanachama anadaiwa na anadai. Usemi wa Kariakoo kwamba shughuli ni watu unatokana na hesabu hizo. Asiyehudhuria ya wenzake hana atakayehudhuria yake.

Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kundi la ngoma la Bomba kabla ya kuwa mwanasiasa. Alijiunga na TANU mwaka 1954, na mwaka uliofuata, baada ya John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza kuuliza wako wapi wanawake wa chama hicho, alipewa kazi ya kuongoza sehemu ya wanawake. Namna alivyoifanya kazi hiyo ndiyo iliyomvutia Geiger. Hakugonga mlango mmoja mmoja. Alikwenda kwa viongozi wa vyama vya ngoma, nao wakawaleta wanachama wao. Kwa muda mfupi wanawake walioingia TANU walihesabiwa kwa maelfu, wakati ambapo wanaume wengi wenye mshahara wa serikali waliogopa kuonekana na kadi kwa kuwa watumishi wa umma walizuiwa kujiunga.

Hoja ya Geiger, kwamba wanawake hawa hawakufundishwa utaifa na TANU bali waliuleta, imekubalika na wengi. Makala haya yanaiongezea upande wa lugha. Chama cha ngoma kilikuwa tayari na msamiati wote ambao chama cha siasa kiliuhitaji: mwenyekiti na katibu, kadi na michango, kualika na kupokea wageni, mwimbaji anayeanzisha na kundi linaloitikia. Mbinu ya mhutubu wa TANU ya kusema nusu ya neno na kuuachia umati umalizie ni mbinu ya ngomani. Siasa za utaifa wa Tanganyika zilisemwa kwa Kiswahili kwa sababu nyingi zinazotajwa vitabuni, shule na utawala zikiwamo. Sababu moja isiyotajwa mara nyingi ni kwamba wanawake wasiokwenda shule walikuwa wamekwisha kuendesha vyama vya watu wa makabila mbalimbali kwa lugha hiyo kwa miaka mingi.

Mikutano ya mwanzo ya hadhara ya TANU ilifanyika Mnazi Mmoja, na umati ulipozidi ikahamia Jangwani. Ukanda uliosafishwa ili watu wasikutane ukawa mahali walipokutania kudai nchi.

6.0 Ngoma mikononi mwa dola

Katika hotuba yake ya Desemba 1962 ya kuanzishwa kwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi walijua rumba na chachacha kuliko ngoma za kwao, na katika ngoma alizozitaja ilikuwamo lelemama. Sikitiko hilo lilikuwa la haki. Ila lelemama, kama ngoma nyingine za wanawake wa mijini za pwani, haikuwa hatua za kucheza tu zilizosahauliwa zikihitaji kukumbushwa. Ilikuwa ngoma ya vyama hai, na mwaka huohuo wa 1962 shughuli za kisiasa za wanawake ziliwekwa chini ya Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, Bibi Titi akiwa rais wake wa kwanza. Dola ilichukua mchezo ikaupeleka katika kikundi cha taifa cha ngoma, na ikachukua utaratibu wa vyama ikaupeleka katika jumuiya ya chama tawala. Vitu viwili vilivyokuwa kimoja vikawekwa katika ofisi mbili.

Hatima ya Bibi Titi mwenyewe inajulikana: alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa mwaka 1972. Barabara inayopita kando ya Mnazi Mmoja sasa ina jina lake.

Kipindi cha Azimio la Arusha kilikuwa na ubunifu wake, na si sawa kukichora kama kipindi cha kunyang'anya tu. Nyerere alikutana na washairi mwaka 1968 akawataka waeneze siasa ya Ujamaa, na ngonjera ya Mathias Mnyampala, iliyochapishwa kwa jina la UKUTA, ikaingia katika kila sherehe ya shule na ya chama. Ngonjera ilikuwa na kitu cha mashindano ya zamani, kwa kuwa pande mbili zinajibizana. Lakini mwisho wake unajulikana kabla haijaanza: asiyejua huelimishwa, akakubali. Katika beni na katika ngoma za wanawake hakuna aliyejua nani angeshinda, na hiyo ndiyo iliyowaleta watu. Aidha, kipindi hichohicho kilikuwa na makatazo. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika Mkoa wa Pwani, ambao Dar es Salaam ilikuwa ndani yake.

Bendi nazo zikapata wenyeji wapya. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wake walitoka wakaunda Mlimani Park Orchestra, iliyochukuliwa baadaye na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, lenye ukumbi pia Kariakoo. Wanamuziki wakawa waajiriwa wa mashirika ya umma. Hata hivyo, majina ambayo wapenzi waliyashika hayakuwa ya mashirika hayo. Mlimani Park ikawa Sikinde, kwa jina la ngoma ya Wazaramo. NUTA, iliyopitia majina ya JUWATA na OTTU, ikawa Msondo, kwa jina la ngoma ndefu inayojulikana katika unyago. Mji ukagawanyika kati ya Sikinde na Msondo kama ulivyowahi kugawanyika kati ya Marini na Arinoti, na kama ulivyogawanyika kati ya Yanga na Simba, klabu mbili ambazo makao yao hayako mbali na Mnazi Mmoja. Shirika lilimiliki vyombo na mishahara. Ushindani ulibaki mali ya watu.

7.0 Tuzo na tamasha

Katika ngoma na taarab, kutuza au kutunza ni kitendo cha msikilizaji. Anainuka mbele ya watu, anakwenda hadi kwa mwimbaji, anamtia fedha mkononi au kumbandika kwenye paji la uso, na kwa kufanya hivyo katika beti fulani na si nyingine anatamka jambo. Anaweza kuwa anamjibu mke mwenza, jirani au mdai. Katika miaka ya 1990, kundi la Tanzania One Theatre lililoanzishwa na CCM mwaka 1992 liliposhindana na Muungano Cultural Troupe, mipasho ya waimbaji ilitegemea kitendo hiki. Wimbo ulimalizwa na anayetunza. Bila yeye ni maneno yasiyo na anwani.

Tuzo ni nomino ya kitenzi hicho. Tangu mwaka 1999, yalipoanza mashindano ya kitaifa ya Tuzo za Muziki Tanzania, maana yake ya kawaida magazetini imekuwa nyingine: kikombe au hati inayotolewa na kamati, kwa udhamini wa kampuni, kwa msanii ambaye Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, linamtambua. Mkono unaotoa umehama. Kiingilio nacho kimehama vivyo hivyo. Katika tangazo la leo kiingilio ni bei ya mlangoni. Anayekilipa haingii katika kitu kinachodumu, na kesho yake hadai wala hadaiwi.

Neno linaloyakusanya mabadiliko haya ni tamasha. Limefika Kiswahili kupitia Kihindi na Kiajemi, ambamo maana yake ni maonyesho, kitu cha kutazamwa. Mzizi wake ni wa Kiarabu, nao ni wa kutembea pamoja: watu walitembea ili wakatazame, na kutazama kukalimeza neno. Mtu huenda kwenye tamasha, hulihudhuria, hulitazama. Hakuna anayesema amecheza tamasha. Lina mwandaaji, mdhamini na watazamaji, na kila mmoja ana mahali pake pa kukaa.

Ngoma ya kutembea pamoja bado ipo, nayo ni mdundiko. Hufuatana na arusi na kutoka kwa mwali, hupita mitaani kwa miguu, na haina mlango wala kiti. Anayeisikia hutoka ndani akaifuata hadi atakapochoka. Mamlaka za mji hazijawahi kuipenda sana, kama zisivyopenda vigodoro vilivyoibuka baadaye, na sababu zinazotolewa ni kelele, wizi na maadili. Baadhi ya malalamiko hayo yana ukweli. Majirani wenye watoto wa shule na wagonjwa si wazushi. Lakini ikilinganishwa na hoja za afya zilizosafisha Mnazi Mmoja katika miaka ya 1920, na wasiwasi wa 1919 juu ya beni, ni vigumu kutoona kwamba shughuli isiyo na mlango ndiyo inayotiliwa shaka daima, hata serikali zikibadilika.

Kariakoo yenyewe imebadilika kwa kasi zaidi. Tangu biashara huria ya miaka ya 1990 nyumba za vyumba sita zimebomolewa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa ya maduka na stoo. Ghorofa halina uani. Mwali hutolewa katika ukumbi wa kukodi au katika nyumba ya ndugu Mbagala, Temeke au Gongo la Mboto, na wanawake ambao mama zao waliimba Kariakoo huja mjini mchana kununua vitenge vya sare, kisha jioni hurudi nazo huko shughuli iliko.